Shajara ya mradi: mikanda ya kabatini hadi TV tatu, Igogo, Mwanza

Jumamosi, 8 Februari 2025

Mama ameniambia niondoe "takataka zako" kwenye kabati la sebuleni, anataka kuweka vyombo. Takataka zenyewe ni mikanda ya video 14, VCD kama 60 ndani ya yale mapochi ya zipu, DVD za kwaya, na diski ya nje ya terabaiti 2 ambayo nimekuwa nikimwagia video za simu tangu 2016. Deki ya mwisho iliyocheza mikanda ilishakufa zamani. VCD tunaziona tu mjomba akija na deki yake. Tuna maktaba, ila hakuna wa kuisoma.

Mpango: vyote viingie kwenye kompyuta moja, nayo izigawie TV za nyumbani kupitia mtandao wetu wa ndani. TV ya sebuleni ni ya Android, ya chumbani kwangu pia. Hizo hazinisumbui akili. Shughuli ni TV ya Mama. Aliinunua 2013, mwaka ule Mwanza tulipozimiwa analojia na mtaa mzima ukaamini kwamba TV za chogo zimekufa, kumbe king'amuzi tu kingetosha. Ina tundu la waya wa mtandao na ina DLNA (njia ya TV kupokea video kutoka kompyuta ya nyumbani), lakini duka lake la programu halifunguki tena. Kuitupa hataki kusikia. "Inaonyesha, haionyeshi?"

Kuna mkanda mmoja unaobeba mradi mzima. Uliandikwa kwa kalamu ya wino: BUJORA 1998. Ni sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, ngoma za Wasukuma, makundi mawili yanayoshindana, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, na Baba Mkubwa akiwa kijana anacheza bugobogobo, anarusha jembe juu na kulidaka. Yeye huapa kwamba siku ile jembe halikumponyoka hata mara moja. Mama, aliyekuwa akishangilia kundi la upande wa pili, anasema lilianguka mbele ya watu wote. Ubishi huo unakaribia miaka 27 sasa, na kila Krismasi unaanza upya.

Basi nimejiwekea kipimo: kazi itakuwa imekwisha siku Mama atakapoucheza mkanda wa Bujora kwa rimoti yake mwenyewe bila kuniita.

Jumatano, 12 Februari

Seva, yaani ile kompyuta ya kugawa video, imepatikana. Ni laptopu yenye kioo kilichopasuka, nimeipata kwa fundi wa Makoroboi kwa bei ya kutupa. Prosesa ni Intel i5 ya kizazi cha nne, RAM gigabaiti 8. Faida moja ya laptopu ambayo watu huisahau: betri. Hata hii iliyochoka inakaa dakika 40 umeme ukikatika, na diski ya nje inakula moto kutoka tundu lake la USB, kwa hiyo diski haizimiki ghafla katikati ya kuandika.

Nimeweka mfumo endeshi wa Debian 12, juu yake Jellyfin. Ni programu huria ya kugawia TV video, ilizaliwa mwishoni mwa 2018 baada ya Emby, programu iliyoizaa, kufunga msimbo wake, na haidai akaunti ya mtu wala intaneti ili ifanye kazi. Usiku wa kwanza nilifunika laptopu nikaenda kulala, asubuhi nikaikuta nayo imelala. Tiba ni mstari mmoja ndani ya /etc/systemd/logind.conf:

HandleLidSwitch=ignore

Jirani amechungulia akauliza, "Sasa hiyo inakula MB ngapi?" Nimemweleza mara mbili kwamba hii haigusi bando, video inatoka chumba hiki inakwenda chumba kile. Ameitikia kwa adabu tu. Naona hajaamini.

Jumapili, 16 Februari

Siku ya mikanda. Nimenunua deki mbili za mitumba, na kuna sababu.

Mikanda iliyokaa miaka kando ya ziwa hapa huota ukungu. Nilipoinyanyua ile ya Bujora na kuangalia kwenye dirisha la plastiki, pembeni mwa mkanda mweusi uliojikunja nikaona vumbi jeupe kama unga wa muhogo, limekaa kwa mistari. Ukiutia mkanda huo kwenye deki nzima, ukungu unahamia kwenye kichwa cha deki, halafu kichwa kinaugawa kwa kila mkanda utakaofuata. Kwa hiyo deki moja ni ya kuchafuka, nyingine ya kusomea.

Nimekaa uani, barakoa usoni. Kaseti ya VHS ina skrubu tano kwa chini. Ukizifungua uigeuze taratibu kabla ya kuinua kifuniko, la sivyo vijipande vya ndani vitaruka na hutajua kipi kilikaa wapi. (Najua kwa sababu niliufungua mkanda wa harusi ya shangazi bila kugeuza. Spring moja bado iko mahali fulani kwenye mchanga.) Nimefuta kingo kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilichoguswa spiriti, kisha nikaurudisha mkanda nyuma polepole kwenye deki ya kuchafuka huku kitambaa kikiugusa kwa uzito wa kidole tu. Kitambaa cha kwanza kilitoka na rangi ya majivu. Cha nne kilitoka safi.

Hakuna njia ya mkato hapa: mkanda wa saa tatu unanakiliwa kwa saa tatu. Njano, nyeupe, nyekundu kutoka kwenye deki hadi kile kifaa kidogo cha USB, na kompyuta inarekodi bila kupoteza chochote cha picha. Mkanda mmoja umekula karibu gigabaiti 90, kwa hiyo naenda mmoja mmoja: nanakili, nabana, nafuta ile nakala kubwa, naingia unaofuata. Mama amepita mara tatu. Mara ya tatu ameacha sahani ya mihogo juu ya deki ya kuchafuka.

Jumamosi, 22 Februari

Bujora iko ndani ya kompyuta, na ina kasoro iliyoninyima usingizi. Watu wakisimama picha ni nzuri. Wakianza kucheza, kila kinachokwenda kasi kinaota meno ya kitana. Jembe la Baba Mkubwa hewani si jembe tena, ni kitana mbili zimelaliana.

Video ya PAL, ambayo ndiyo tuliyotumia hapa nchini, ina picha 25 kwa sekunde, lakini kila picha imefumwa kwa nusu mbili: mistari ya witiri imechukuliwa mapema, ya shufwa imechukuliwa sehemu moja ya 50 ya sekunde baadaye. TV ya chogo ilizichora nusu hizo kwa zamu na jicho halikugundua kitu. TV bapa inazionyesha zote mbili kwa pamoja, na kwa muda huo mdogo jembe limeshasogea.

Ushauri wa wengi ni kutupa nusu moja. Ngoma inakuwa kama ya roboti. Nimetumia kichujio cha ffmpeg (programu ya kubadilisha video) kiitwacho bwdif, ambacho kwa mpangilio wake wa kawaida hutengeneza picha kamili kutoka kila nusu, zinakuwa 50 kwa sekunde. Nimeangalia dakika moja tu ya majaribio, jembe likipanda, bapa lake likimeta jua mara mbili kabla ya kushuka mkononi. Mbele zaidi sijaangalia. Nitaangalia na wenye ubishi wao.

Jumamosi, 1 Machi

TV ya sebuleni na ya chumbani: nimeweka programu ya Jellyfin, nikaandika anwani ya seva na mlango (port) namba 8096, kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

TV ya Mama: siku nzima.

Kwanza, kwenye Jellyfin za karibuni DLNA haiji tena ndani ya programu yenyewe. Tangu toleo la 10.9 unaiongeza kama plagini. Sawa, nimeiongeza. TV bado haikuona seva. Chumba cha Mama kiko nyumba ya uani, na kati ya nyumba hizo mbili kuna jabali lililokuwepo kabla ya babu, kubwa kuliko daladala. Ndiyo Igogo hiyo, unajenga pale mwamba ulipokuruhusu. Nilikuwa nimeweka kirudishio cha waifai cha kumpelekea mawimbi, na TV yake ilikuwa imeunganishwa nacho vizuri kabisa.

DLNA haiendi kwenye anwani unayoiandika. TV hupaza sauti mtandaoni, "nani ana video humu?", kwa anwani ya pamoja 239.255.255.250, na seva huitikia. Kirudishio changu kilikuwa kimewekwa kwa mtindo wa wageni, ambao huruhusu kila kifaa kutoka nje kwenda intaneti lakini huvizuia kusemezana vyenyewe kwa vyenyewe. TV ikawa inapiga hodi kwenye nyumba iliyofungulia redio kwa sauti kubwa. Nimezima mtindo wa wageni na jina la seva likatokea kwenye orodha ndani ya sekunde chache.

Nikabonyeza Bujora. Ikacheza sekunde nane, kiduara kikaanza kuzunguka.

Nimepima kwa iperf3: megabiti 3 kwa sekunde pale kitandani kwa Mama. Faili langu la mkanda linahitaji kama 4. Ningeweza kulibana zaidi likapita, lakini video za simu zinahitaji 10 na zaidi, na granite haibembelezwi.

Jumamosi, 8 Machi

Waya. Mita 38 kulizunguka jabali, ndani ya bomba la plastiki la mafundi umeme. Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Niliimba mpangilio huo nikibana vichwa, na bado upande mmoja nikapishanisha kijani na bluu. Kipimio kilinionyesha taa ya 4 ikiwaka zamu ya 6. Nikakata, nikabana upya.

Megabiti 94 kwa sekunde. Tundu la TV yenyewe mwisho wake ni 100, kwa hiyo hapo hakuna cha kudai zaidi. Mama ameangalia harusi ya shangazi kutoka mwanzo hadi mwisho na kutaja kila aliyefariki.

Jumatano, 19 Machi

Saa tisa usiku radi.

Wanaoishi hapa hawahitaji kuambiwa, ila kwa wageni: nchi kavu hupoa haraka usiku, maji ya ziwa hubaki na joto, upepo wa pande zote unaelekea ziwani na kukutana juu ya maji, hewa inapanda, mawingu yanavimba. Ndiyo maana ngurumo zetu nyingi huanzia ziwani usiku wa manane. Radi haikupiga nyumba. Ilipiga mahali fulani kule mlimani, na hiyo ilitosha. Waya mrefu wa shaba uliolala nje hudaka mshtuko bila kuguswa.

Hasara: swichi yangu ya mtandao haiwaki, na tundu la mtandao la laptopu limekufa. Laptopu yenyewe iko hai, diski iko hai.

TV ya Mama haina hata mkwaruzo. Radi ya kwanza tu ilipolia aliamka na kuchomoa kila kitu chumbani mwake: TV, king'amuzi, taa ya mezani, "na huo uzi wako wa bluu". Amekuwa akifanya hivyo tangu nazaliwa na mimi nimekuwa nikimcheka tangu nilipojifunza fizikia.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekaa wiki nzima nikifikiria vizuizi vya mshtuko wa umeme, kuzika waya, kurudi kwenye waifai. Mwisho nimeamua faiba, uzi wa kioo unaobeba mwanga. Kioo hakipitishi umeme, basi.

Nimekwenda kwa fundi anayefunga kamera za ulinzi. Ana visanduku viwili viwili vya kugeuza umeme wa waya kuwa mwanga na kurudisha, kimoja kila upande, na ana faiba iliyokwisha kufungwa vichwa kiwandani. Akanitolea ile ya nje, imara. Nikaipapasa: pembeni ina uzi wa chuma wa kuibebea kwenye nguzo.

"Hiyo ya chuma hapana, kaka. Nataka isiyo na chuma hata kidogo."

"Bosi, hii ndiyo ngumu. Hata panya haili."

"Chuma ndicho kitakachoniletea radi."

Akanitazama kama mtu aliyekataa nyama kwenye pilau, akaingia ndani, akatoka na mita 50 za ile nyembamba ya manjano. Ni ya ndani ya nyumba, lakini ndani ya bomba langu haitaona jua. Ile shaba nimeitumia kama kamba: nikaifunga faiba kwenye ncha yake, mpwa wangu akavuta upande wa pili. "Anko, inakuja!" Kwenye kona ya jabali nimeiacha ijikunje kwa duara pana, maana faiba ukiikunja kama waya wa pasi mwanga hutokea pembeni na hufiki popote.

Laptopu sasa inatumia adapta ya USB badala ya tundu lake lililoungua. Kasi ni ile ile, 94.

Jumamosi, 5 Aprili

Hapa ndipo nilipokuwa nimekosea tangu mwanzo, na bora niandike kwa kirefu.

Jellyfin ina uwezo wa kuwa mkalimani. TV ikiletewa faili la lugha isiyoijua, seva inalifumua na kulifuma upya papo hapo kwa lugha ya TV. Nilipoisoma sifa hiyo niliona ndiyo suluhisho la kila kitu: tupa faili lolote ndani, seva itajijua.

TV ya Mama inaelewa H.264, kiwango cha 2003. Simu za wapwa zangu zinarekodi kwa HEVC, kilichotoka 2013, mwaka ule ule TV iliponunuliwa, kwa hiyo hao wawili hawajawahi kutambulishwa. Prosesa yangu ya kizazi cha nne ina kipande maalumu cha kuandika H.264, lakini haina cha kusoma HEVC. Usomaji wote unaangukia prosesa yenyewe. TV moja, feni inalia lakini picha inakwenda. Jana usiku Mama aliangalia ubatizo kule uani, mimi nikafungua video nyingine chumbani, na vyote viwili vikawa vinakwenda kama mtu mwenye kwikwi. Maandishi ya chini ya DVD za zamani ni balaa lingine. Yale si maandishi, ni vipicha, na ili yaonekane kwenye TV ya aina hii seva inalazimika kuyachora juu ya kila picha ya video.

Nimeacha kumtaka seva awe mkalimani. Kila faili litatafsiriwa mara moja tu, usiku, likalale kwenye diski likiwa katika lugha ambayo TV dhaifu kuliko zote inaielewa:

ffmpeg -i asili.mov -c:v libx264 -preset slow -crf 20 -profile:v high -level 4.0 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k -movflags +faststart tayari.mp4

Hiyo -pix_fmt yuv420p msiiache, baadhi ya simu za kisasa hurekodi rangi za biti 10 na TV za zamani huzikataa kimya kimya, unapata sauti bila picha. VCD nazo zimepita humo humo. Faili zake za .DAT ni MPEG-1 ya 352 kwa 288, TV hazitaki hata kuzitaja jina, ila ffmpeg inazisoma bila ugomvi. Zimetoka na ukungu wao wa mwaka 2003, na sikujaribu kuzipamba.

Faili asilia sizifuti. Ziko kwenye folda ambayo Jellyfin haioni, na nakala nzima iko kwenye diski ya pili kwa dada, Nyegezi.

Jumamosi, 12 Aprili

Foleni ya kubadilisha imeisha alfajiri, usiku wa saba. Feni imenyamaza, na TV tatu zikicheza kwa wakati mmoja prosesa haifiki hata asilimia 5, kwa sababu inachofanya ni kubeba faili tu.

Kituko cha wiki: nilikuwa nimeweka video za familia kwenye aina ya maktaba ya "filamu", na mara tu seva ilipopata intaneti ikaenda kutafuta mabango. Ubatizo wa mpwa wangu ukawa na bango la filamu ya kutisha ya Kizungu, mwanamke ana damu shingoni. Mama hakufurahi. Nimezihamishia kwenye aina ya video za nyumbani, ambayo haiendi kuuliza nje, na kila folda nimeipa picha niliyoikata mwenyewe kwenye video.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Baba Mkubwa ametoka Magu na basi la asubuhi. Baada ya ugali na sato tumehamia chumbani kwa Mama, watu 11, wengine mlangoni.

Mama alichukua rimoti. Kitufe cha chanzo, kulia mara tatu, seva, folda, Bujora. Nilikuwa nimesimama mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani. Aliteleza mara moja akaingia kwenye folda ya kwaya, akarudi mwenyewe.

Dakika ya 41 kundi la Baba Mkubwa likaingia uwanjani. Alinyamaza kabisa alipojiona. Jembe likapanda, likadakwa. Likapanda tena, likadakwa nyuma ya mgongo, na chumba kizima kikapiga kelele. Mara ya tatu likapanda juu kuliko zote, likazunguka, likashuka, likampita mkononi, likalala mchangani mbele ya watu wote.

"Hapo mashine imeruka," alisema Baba Mkubwa.

"Shikamoo jembe," alisema mtu mlangoni.

"Nasema mashine imeruka. Hivi vya kompyuta huruka. Muulize huyu."

Nilifungua ukurasa wa seva kwenye simu nikampa. TV ya Mama: faili linacheza moja kwa moja, hakuna kinachobadilishwa. Alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Basi aliyeshika kamera alitikisika."

Nikageuka nichukue rimoti nimwonyeshe polepole. Mama alikuwa ameshairudisha nyuma hadi pale jembe linapopanda. Kitufe hicho sikuwahi kumfundisha.